Hesabu ya Chokaa

Nyumba ya wageni ya Bi Mize, Wete, juu kidogo ya bandari,
haikupimwa kwa kamba ya mhandisi. Ilipimwa kwa mkoko.
Boriti haivuki dhiraa sita, basi chumba hakivuki dhiraa sita:
tajiri na hamali walilala humo kwa wembamba mmoja.
Mti wa kwenye tope ndio uliokata upana wa ndoto zao.

Niliitwa baada ya masika, niru ikibambuka
kama mgongo wa mtu aliyelala juani.
Nikaja na mwanangu Shaame, ndoo nne, mwiko,
na chokaa iliyokaa shimoni miezi mitatu ikinywa maji,
maana chokaa ya haraka, kama ndoa ya haraka,
hupasukia kwenye kona.

Kukwangua ni kusoma chuo kwa kuanzia mwisho.
Juu kabisa, rangi ya maziwa: hiyo ya wageni wa mabegi mgongoni
wanaouliza mtandao kabla ya kuuliza choo.
Chini yake buluu ya serikali, buluu ya majalada,
hapa palipokuwa ofisi, na foleni ya mchele
ikitoka barazani mpaka kwa kinyozi.
Chini yake kijani. Hakuna anayeikumbuka kijani.
Chini ya kijani, rangi isiyo rangi: mafuta ya karafuu
yaliyopenya jiwe, enzi magunia ya Damodar Velji
yakiegemea ukuta kama walevi.
Mvua ikinyesha bado panarashia. Shaame alipiga chafya siku nzima.

Ni huyo Damodar aliyetundika roshani,
ili mkewe aione bahari, bahari isimwone.
Kila nguzo ina nanasi la kuchongwa, ila moja:
lilivunjika, fundi asiyejulikana akaziba kwa pia ya mtoto.
Hiyo pia ndiyo wageni wanayoipiga picha.

Sasa, chokaa hununuliwa kwa kipimo. Nikapima.
Ushoroba mmoja, vyumba sita mstari mmoja, kila ukuta dhiraa moja.
Kwa ndani: arobaini na tatu.
Kwa nje: hamsini.
Nikamwambia Shaame shika kamba vizuri, huchezi.
Arobaini na tatu. Hamsini.

Dhiraa saba. Chumba, na ukuta wake.

Ndani ya daka la ukumbini, nyuma ya kandili iliyokufa
na daftari la wageni lililoliwa na mchwa mpaka herufi ya mim,
palikuwa na ufunguo. Kibati chake kimeandikwa saba ya Kiarabu,
mdomo juu, kama kinda anayesubiri kulishwa.

Nikaenda ukuta wa mwisho, nikagonga kwa kifundo cha kidole.
Jiwe halijibu. Huu ulijibu, kama mtungi.

Bi Mize alikuwa jikoni anachagua mchele. Hakuinua uso.
"Faki, umekuja kupaka au kupiga hodi?"
Nikamwonyesha ufunguo. Akaufuta kwa pindo la kanga,
upande mmoja, upande wa pili, akautia kifuani.
"Hicho kimepangishwa," akasema. "Tangu nina miaka tisa."
Akapepeta. Chuya zikaruka.
"Na mpangaji wangu hana makelele."

Nilikuwa na maswali. Nikayachanganya na mchanga, moja kwa tatu.
Ukuta ule niliupiga niru mara mbili zaidi ya mwengine,
nikausugua kwa tako la chupa mpaka ukarudisha mwanga wa dirisha,
na kazi yote hiyo nilifanya bila kukohoa.
Shaame akauliza, "Baba, mbona tunanong'ona?"
Nikamtuma maji.

Siku ya malipo niliandika kwenye karatasi: *chokaa, vyumba saba.*
Bi Mize alivaa miwani. Aliisoma yote, mstari kwa mstari,
akarudi juu, akaisoma tena.
Akalipa saba.